Mzee Burhani Anastaafu, Hajafa

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1995, Mzee Burhani Uledi anakabidhi kipaza sauti cha Ofisi ya Habari na Mawasiliano, Tawi la Bukoba la chuo kikuu chetu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, kofia kichwani, meno yote yapo isipokuwa moja. Nayasema haya mwanzo kabisa ili msomaji asiishie mstari wa kwanza akaanza kulia, kama ilivyotokea Buhembe. Ya Buhembe nitayafikia.

Bwana Ildefons Rugaibula, mkuu wa ofisi yetu, aliponiagiza niandike wasifu huu, nilimwambia mimi ni mtu wa darasa la saba, kazi yangu ni chai, mafaili na kuzungusha mashine ya stensili. Akasema, "Mama Asimwe, umekaa naye chumba kimoja miaka minne. Andika unavyomjua, penye kupinda nitanyoosha." Akanipa faili la wasifu wa zamani nipate mfano. Niliusoma mmoja mmoja. Kila mmoja ulianza na neno Marehemu. Tangu ofisi hii ifunguliwe, hakuna mfanyakazi wake aliyewahi kuandikiwa wasifu akausikia kwa masikio yake. Mzee Burhani ndiye wa kwanza. Kwa hiyo mfano sikuupata, na nikikosea msinilaumu sana.

Mzee Burhani ni mtoto wa Bukoba mjini. Babu yake mzaa baba alitoka pwani na mizigo ya watu, akaoa hapa, akasahau njia ya kurudi. Mama yake ni Mhaya wa Ijumbi. Ndiyo maana Kiswahili chake kinateleza na Kihaya chake hakina kasoro, na akigombana na mtu anachagua lugha ambayo mwenzake haiwezi. Kabla ya kuajiriwa alikuwa mpiga mnada wa nguo sokoni. Wanaokumbuka wanasema aliweza kukuuzia shati lako mwenyewe ukiwa umelivaa.

Tawi lilipofunguliwa mwaka 1973, wanafunzi wake walikuwa walimu, makarani na wakulima waliotawanyika Bukoba na Muleba yote, wakisoma wakiwa majumbani. Masomo yaliletwa kwa posta na simu ilikuwa moja. Chuo kikanunua Landrova, kikaifungia spika mbili za tarumbeta juu ya paa, kikatafuta mtu wa kusema. Ofisi yenyewe iliitwa Chumba cha Matangazo, na kweli ilikuwa chumba, tena cha kuazima, nusu yake mifuko ya chokaa. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu: masomo yamefika, mwalimu anakuja Alhamisi, mtihani umesogezwa. Jarida hili la stensili lilikuja baadaye, na jina refu la ofisi likaja baadaye zaidi. Kabla ya hayo yote ilikuwa ni Mzee Burhani na kikohozi chake. Kwa sababu yeye hasemi neno kwenye kipaza sauti kabla hajakohoa mara moja, kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha hodi. Watu walikijua kikohozi hicho kuanzia Buhembe mpaka Kishanda.

Oktoba 1978 vita vya Kagera vilipoingia, watu wengi wa mjini walishika njia ya kusini na mafurushi vichwani, wakaenda kujaa kwa ndugu zao Muleba. Tawi likafungwa. Mzee Burhani na dereva wake wa wakati ule, Bartholomayo Kashaija, walibaki na Landrova. Masomo ya kutangaza hayakuwepo, basi wakawa wanatangaza kilichopo: bomba gani linatoa maji, duka gani lina chumvi, njia gani inapitika. Uvumi ulikuwa mwingi kuliko watu. Kila mtu alikuwa na shemeji aliyemwona adui nyuma ya kilima kile pale. Siku moja bwana mmoja wa mjini, amevaa koti na viatu viwili visivyofanana, aliwakimbilia akataka watangaze kwamba adui ameshaingia.

"Umemwona?" akauliza Mzee Burhani.

"Nimeambiwa!"

"Basi panda twende. Nikimwona nitamtangaza na jina la baba yake."

Wakaenda mpaka mwisho wa mji. Wakakuta ng'ombe wa mtu wamekata kamba.

Kule Muleba, waliokimbia wakawa wanamuuliza kila anayefika, "Burhani mmemsikia?" Akijibu, "Tumemsikia asubuhi, anatangaza chumvi," wanalala usingizi. Sauti yake ikawa ndiyo habari yenyewe. Maadamu inasikika, mji upo. Na vita vilipoisha, ni yeye aliyepita njia hiyohiyo kijiji kwa kijiji akiwaambia watu warudi, migomba imeota magugu lakini imesimama. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliorudi siku hiyo, mimi nikiwa nimeshika upindo wa khanga yake.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzo watu waliuita Juliana, baadaye ukapata jina lake la ukimwi, na majina yote mawili yakawa hayatajwi kwa sauti. Chuo kikaanza kupoteza walimu, makarani, wanafunzi. Vijijini simu hakuna, barua inachelewa, na maiti haisubiri. Uongozi ukaamua gari la matangazo litangulie kupeleka habari kwa jamaa, mwili ufuate. Kazi iliyoanza mara mojamoja ikawa ya kila wiki. Mzee Burhani anakohoa, kisha anasema maneno yaleyale: "Chuo kinawatangazia ndugu na jamaa kwamba mwenzetu fulani, aliyekitumikia chuo kwa miaka kadha..." Hata Bartholomayo, aliyekula naye chumvi ya vita, alimtangaza hivyohivyo kwao Ijumbi, dereva mwingine akiwa ameshika usukani.

Ikafika mahali gari likikata kona ya Kishanda tu, wanawake wanaanza kulia kabla spika hazijawashwa. Watoto wanakimbilia migombani. Ukienda kutangaza matokeo ya mtihani, mpaka ujieleze, nusu ya kijiji imeshajifunga khanga kiunoni na mtu ameshatumwa kwenda kukata nyasi za kutandika msibani.

Hilo lilimuuma Mzee Burhani kuliko safari zenyewe. Alikuwa akirudi anaweka kofia mezani, anatoa kahawa ya kutafuna kwenye kikopo chake, anatugawia, halafu anasema, "Mimi nilikuwa nawaambia watu mji upo. Leo nikipita wanahesabu nani kabaki. Siondoki kazini mpaka gari hili liingie Kishanda bila mtu kulia." Alisema hivyo mwaka ule nilioajiriwa, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Umri wa kustaafu ukafika, Kishanda bado inalia.

Si kwamba alikaa tu. Kila wakitoka kuzika, njiani kurudi aliwasha spika akatangaza jambo la uhai, akaliita "habari ya kurudi nayo". Fulani amefaulu. Daraja limetengenezwa. Senene wameonekana mjini. Mwanangu Asimwe alipozaliwa mwaka 1993, alimtangaza kuanzia hospitali mpaka Buhembe: "Mama na mtoto hawajambo, mtoto anafanana na baba lakini atapona." Nyumbani walikuwa wameshaanza kuniomboleza walipolisikia gari kwa mbali. Baba mkwe wangu hakumsamehe haraka.

Vilevile, vilipoletwa vipeperushi vya kufundisha juu ya ukimwi, vyenye picha ya fuvu, alivirudisha kwenye sanduku. "Fuvu tumeliona la kutosha," alisema. "Nipeni picha ya mtu anayeishi." Hazikuwepo. Basi akawa anashuka garini, anaacha kipaza sauti, anakaa na watu kibanjani, chini ya migomba yao, anaongea nao taratibu, na wao wanamuuliza wasiyothubutu kumuuliza mtu mwenye karatasi. Watu wa Ijumbi wanasema walijifunza zaidi siku gari likiwa limezimwa.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Siku moja, soko la Muleba limejaa, alimaliza tangazo akasahau kuzima. Soko zima likamsikia akimwambia Bartholomayo, "Huyu mkuu wetu ni mchoyo hata wa sukari, chai yake ina ladha ya maji ya mto." Mkuu wa wakati huo alikuwa palepale sokoni ananunua samaki. Alilipa samaki wake akaondoka. Kesho yake mfuko wa sukari ulikutwa juu ya meza ya Mzee Burhani, umeandikwa "Ya mto". Na visiwani, alikokwenda na kipaza sauti cha mkononi kuwaita wavuvi na wachuuzi wa samaki kwenye madarasa ya kusoma, wanamkumbuka kwa kutapika njia nzima kwenda na kurudi, kisha kuteremka mtumbwini akiwa na sauti ya mfalme. Huko ndiko alikompata Luhaga Mayenga, dereva wetu wa sasa. Luhaga alijifunza kusoma kwenye darasa lile. Mpaka leo wanataniana: "Wewe Msukuma, endesha taratibu, hili si jahazi lako." Naye anajibu, "Mzee, ukitapika nchi kavu nitakutangaza."

Mimi nilipoletwa ofisini nilipewa kiti cha dada mmoja aliyekuwa amefariki. Nilisimama asubuhi nzima, najifanya napanga mafaili. Nilikuwa binti, nina hofu zangu kama binti yeyote wa miaka hii. Mzee Burhani akaniangalia mpaka akachoka. "Kaa, mwanangu," akasema. "Kiti hakiui." Akatoa kikopo, akanipa kahawa, akaendelea na kazi yake. Nilikaa. Bado nimekaa.

Sasa ya Buhembe.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bwana Rugaibula aliamua majirani wa Mzee Burhani waalikwe kwenye sherehe, bila yeye kujua. Alimtuma Luhaga na gari, akamwandikia na maneno. Maneno yenyewe, kwa mazoea ya ofisi, yakatoka kama yalivyotoka siku zote. Gari likaingia Buhembe asubuhi ya Jumamosi, na Luhaga, kwa heshima ya mwalimu wake, akakohoa kwanza. Halafu akasema: "Chuo kinawatangazia ndugu na jamaa kwamba mwenzetu Mzee Burhani Uledi, aliyekitumikia chuo kwa miaka ishirini na miwili..."

Hakuna aliyesikia zaidi ya hapo. Luhaga anaapa kwamba alisema "anastaafu" mara tatu, na kwamba wasifu utasomwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Neno wasifu ndilo lililomaliza kila kitu. Kilio kilipanda kutoka mlango hadi mlango kikamzidi nguvu, yeye na spika zake mbili. Wanaume wakachukua majembe. Wanawake wakajitwika ndizi. Vijana wa msikitini wakaenda kubeba jeneza.

Mwenye habari alikuwa uani, ananyoa ndevu, povu limejaa shavu moja. Akasikia kilio kinakuja upande wake. Kama jirani mwema akatoka mlangoni na wembe mkononi, akauliza, "Jamani, nani ametutoka?"

Mama aliyekuwa mbele alidondosha mkungu wa ndizi. "Mawe, mama yangu! Ni wewe!"

"Mimi?"

"Wewe, waitu, mwenzetu! Chuo kimetangaza!"

Mzee Burhani anasema alisimama kidogo akafikiri, maana chuo hakijawahi kutangaza uongo. Kisha akacheka, na waliomfikia karibu wakacheka, na wenye jeneza wakaliweka chini wakakaa juu yake wakacheka. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri.

Lakini Bi Siti, mkewe, alikuwa sokoni. Yeye habari ilimkuta huko, akaja mbio nusu ya mji bila viatu. Alifika akamkuta mumewe anagawa kahawa kwa waombolezaji. Hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Gari lako hilo, Burhani. Gari lako hilo." Akaingia ndani akafunga mlango.

Jumatatu Mzee Burhani alikuja ofisini bila kikopo cha kahawa. Akamwambia Bwana Rugaibula anataka safari moja ya mwisho, Ijumbi na Kishanda, isiyokuwa na msiba wowote wa kupeleka. Bwana Rugaibula akaogopa. Akasema tusiwatie watu hofu tena, habari ya kustaafu itatoka kwenye jarida.

"Jarida Kishanda linafika limefungia sukari," alisema Mzee Burhani. "Wale nimewatangazia vifo miaka kumi. Nikinyamaza na kwenda kukaa nyumbani, wataamini nimekufa na gari limebaki. Halafu huyu Mama Asimwe akipata mtoto wa pili mtamtangaza kwa nani? Watamzika." Akavua kofia. "Niache nikalisafishe gari langu, Ildefons. Siwezi kumwachia Luhaga hivi lilivyo."

Hakuwahi kumwita mkuu kwa jina lake tu. Bwana Rugaibula akasaini safari.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, Luhaga kwenye usukani, Bi Siti nyuma na mimi na Asimwe, kwa sababu Bi Siti alisema gari hilo halimchukui tena mumewe peke yake. Ijumbi walilia kidogo, wakanyamaza. Pale kuna wajomba zake, walipomwona walimpokea. Shida ilikuwa Kishanda.

Gari lilipokata kona, wakaanza. Kama kawaida. Luhaga akapunguza mwendo, akazima injini penye uwanja. Mzee Burhani alishika kipaza sauti akangoja wakaribie. Watu wakazidi kuja, mikono kichwani, wakiulizana, "Nani? Wa nani leo?" Asimwe akaanza kulia naye. Ndipo Mzee Burhani akakohoa. Ile moja, kavu.

Kilio kikapungua, maana kila mtu alitaka kusikia jina.

"Ni mimi," akasema. "Burhani Uledi. Sikuleta jina la mtu. Nimeleta langu mwenyewe. Kazi nimeimaliza, naenda nyumbani kwangu Buhembe kwa mke wangu, huyu hapa nyuma. Basi. Tangazo limekwisha."

Watu wakashusha mikono vichwani. Halafu bibi mmoja, Bibi Getruda, akatoka katikati ya watu akaja mpaka dirishani. Akamshika Mzee Burhani mkono, akaubonyeza kama mtu anayenunua ndizi za kuiva.

"Wangu wawili ulinitangazia wewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Nawakumbuka."

"Na leo umeleta nini?"

"Mtu mzima, mama. Aliyemaliza kazi."

Bibi Getruda akamgeukia Bi Siti. "Ni kweli huyu ni wako?"

"Ni wangu," akasema Bi Siti. "Anakoroma."

Yule bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika gari asianguke. Kisha akainua uso akapiga kigelegele kimoja chembamba, cha mtu ambaye hajapiga siku nyingi na hana uhakika kama bado kipo. Akapokewa na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wote. Wanaume wakaja kumpa mkono. Tulirudi na mikungu ya ndizi miguuni mpaka hatukuwa na pa kuweka nyayo, na Mzee Burhani hakutangaza chochote njiani. Alisema leo habari ya kurudi nayo tumeibeba.

Jumanne ya wiki hii Luhaga amekwenda Kishanda peke yake, kutangaza darasa jipya la jioni. Aliporudi alisimama mlangoni mwa ofisi, hajavua hata kofia. Anasema amekata kona, watu wametoka majumbani, wamesimama kando ya njia wanamsubiri. Hakuna aliyelia. Mama mmoja akamfokea kutoka kibanjani, "Wewe dereva! Leo amestaafu nani?"

Mzee Burhani alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi. Alisikia. Alitoa kikopo akatugawia kahawa.

Kwa niaba ya Tawi zima, na ya wote ambao wasifu wao uko kwenye lile faili bila wao kuusikia, ahsante, Mzee Burhani. Ulitwambia mji upo. Uliwapeleka wenzetu nyumbani kwa heshima. Umetuachia gari safi. Mimi binafsi namwomba Mungu siku moja na mimi niketi mbele kama wewe leo, Asimwe asome wangu kwa sauti, nimkosoe akikosea.

Nenda Buhembe ukakorome kwa amani. Tunakuombea uzee mrefu, chai yenye sukari, na Bi Siti asichoke kukucheka. Na ukisikia gari linakuja, usijifungie ndani. Toka mlangoni usikilize, huenda kuna mtoto amezaliwa.

Kezia Nathanieli (Mama Asimwe)
Ofisi ya Habari na Mawasiliano, Tawi la Bukoba